Sungura akitokwa na machozi, tazama meno kabla ya kununua dawa

MNUNUZI wa mbuzi mnadani humfungua mnyama mdomo, akayatazama meno, akampapasa kiunoni, ndipo akataja bei. Sungura hana bahati hiyo. Hunyanyuliwa kwa masikio, akakisiwa uzito hewani kama fungu la mboga, kisha akatumbukizwa ndani ya boksi. Jicho lake halitazamwi na mtu hadi siku ya tatu au ya nne, akiwa amekwisha kufika Ntinda, Kawempe au Najjera, mtoto wa nyumba anapokuja mbio kusema kwamba sungura wake analia.

Sungura halii kwa majonzi kama binadamu. Machozi yanayomchuruzika yana chanzo, na mara nyingi chanzo hicho hakimo ndani ya jicho. Kimo mdomoni, au katika mkojo uliolowanisha sakafu ya kizimba, au katika safari aliyotoka. Mwenye sungura akilikazania jicho peke yake anaweza kumaliza chupa tatu za dawa na mnyama akabaki chongo, au akafa.

Kampala ina sungura wa namna mbili. Wapo wa nyama na mbegu, wanaofugwa nyuma ya nyumba katika vizimba vya mbao na waya vilivyopangwa kwa ghorofa. Na wapo wa watoto, mmoja mmoja au wawili wawili, wenye majina yao, waliokuja kama zawadi mzazi aliporudi safari. Kwa mtu anayeishi kwa barabara ya Busia, Malaba au Mutukula, sungura ni zawadi nyepesi: ni mdogo, ni mkimya, anaenea kwenye tenga, na hawiki alfajiri ndani ya basi. Ukimya huo ndio unaowaponza wanyama hawa.

Waganda humwita akamyu, na Wakayima wa ngano zao ni ndugu wa yule sungura mjanja wa hadithi za Kiswahili. Lakini wa ngano ni sungura wa porini wa Afrika. Huyu wa kizimbani ni mgeni, asili yake ni Hispania na Ureno, mnyama wa kuchimba mashimo na kuishi kwa kundi. Ujanja wake mkubwa ni kuficha maumivu, kwa sababu kule alikotoka anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza. Anaweza kuwa na jipu taya zima na bado akakaa ametulia pembeni kama mwenye kushiba. Jicho ni moja ya sehemu chache zinazomtoa siri.

Chupa ya duka la dawa

Mambo kwa kawaida huenda hivi. Jicho moja linalowana, manyoya chini yake yanashikana, na asubuhi kuna tongotongo nyeupe. Mwenye nyumba yuko Nairobi anafunga mzigo. Anapigiwa simu, naye anaagiza kwa simu: nendeni duka la dawa mchukue ya macho. Muuzaji, ambaye hajaambiwa kwamba mgonjwa ana masikio marefu, anatoa chupa ndogo ya matone.

Baadhi ya dawa za macho za binadamu zina vitu viwili ndani ya chupa moja: antibiotiki ya kuua vijidudu, na steroidi ya kuondoa wekundu. Lebo itaonyesha neno dexamethasone, betamethasone au prednisolone. Steroidi hufanya kazi haraka. Kesho yake jicho linaonekana safi na nyumba nzima inafurahi. Lakini kama juu ya kioo cha jicho kulikuwa na mkwaruzo, wa majani makavu, wa waya au wa ukucha wa mwenzake, steroidi huuzuia usipone na huwafungulia vijidudu njia. Mkwaruzo unageuka kidonda, kidonda kinachimba, kioo kinaota ukungu mweupe. Wengi husema hapo kwamba sungura amepata mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho yuko ndani zaidi, kwenye lenzi, na ni ugonjwa mwingine kabisa.

Daktari wa mifugo huanza kwa kupima kama kuna kidonda. Hudondosha rangi ya machungwa, kisha humulika kwa taa ya buluu; palipochubuka hung'aa kijani. Ni kipimo cha dakika chache. Bila hicho, kumtia sungura matone yenye steroidi ni kucheza kamari na jicho lake.

Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza. Katika droo za nyumba nyingi hamkosi vidonge vya amoxicillin au ampicillin vilivyobaki baada ya kikohozi cha mtoto. Kumpa sungura dawa hizi kwa mdomo, hata nusu kidonge ndani ya maji, ni hatari kubwa. Tumbo lake linategemea bakteria wema wanaosaga nyuzi za majani. Dawa za ukoo wa penisilini zikipitia mdomoni huwaua hao na kuwaachia nafasi bakteria wabaya wanaotoa sumu. Anaharisha, anapoa mwili, anakufa, na mwenye nyumba anabaki akisema ugonjwa wa macho ulikuwa mkali. Daktari anaweza kutumia penisilini kwa sindano katika magonjwa fulani, kwa kuwa sindano haipiti tumboni, lakini uamuzi huo ni wake. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil: kwa mbwa ni salama, kwa sungura ni sumu.

Msaada wa kwanza unaofaa nyumbani ni mdogo. Maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo sana, na pamba safi. Futa kutoka pembe ya ndani kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Chai, maziwa ya mama na maji ya majani ya mitishamba viachwe jikoni.

Mdomo na jicho ni majirani

Ili kuelewa kwa nini daktari mzuri hufungua mdomo kabla ya kugusa jicho, inabidi kujua njia ya machozi. Binadamu ana vitundu viwili vya kupitisha machozi katika kila jicho, kimoja juu na kimoja chini. Sungura ana kimoja tu, kwenye kope ya chini. Kutoka hapo mfereji mwembamba unashuka hadi puani, na njiani unapinda ukipita ubavuni kabisa mwa mizizi ya meno ya juu.

Meno hayo ni 28, na yote hukua tangu kuzaliwa hadi kufa. Yale ya mbele hukua takriban milimita 2 kwa wiki, yaani kama sentimita 10 kwa mwaka. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe, sungura anapotafuna majani magumu saa nyingi mchana na usiku. Sungura anayeishi kwa mkate, makombo ya chapati, posho na pumba za mahindi hashindwi kunenepa. Anapendeza hata kumshika. Ila taya lake halifanyi kazi, magego yanarefuka juu na chini, na yakikosa nafasi mdomoni mizizi inarudi nyuma ndani ya fupa. Mizizi ikisukuma, mfereji wa machozi unabanwa. Machozi yanakosa pa kupita, yanamwagika usoni, ngozi inalowa na kuchubuka, vijidudu vinaingia. Hata sungura ambaye jicho lake halina kasoro huanza hivyo.

Mara nyingine mzizi hufanya jipu nyuma ya jicho. Hapo jicho moja husukumwa mbele likaonekana kubwa kuliko lenzake. Hilo si la kusubiri Jumatatu.

Dalili za meno huonekana mapema kwa anayezitafuta. Sungura anakimbilia bakuli, ananusa, anaondoka. Anachagua kilicho laini na kuacha majani. Kidevu kinalowa udenda. Ukipitisha kidole taratibu chini ya taya unakutana na vinundu ambavyo ubavu wa pili havipo. Punje za mavi zinakuwa ndogo na chache. Haya yanaweza kutangulia machozi kwa wiki nyingi, na aliyeyaona mapema hutumia fedha kidogo kuliko atakayesubiri jicho lioze. Meno marefu hayakatwi kwa koleo wala mkasi wa kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi na kuzaa jipu jipya. Daktari huyapunguza kwa kifaa cha kuzunguka na, ikibidi, huusafisha mfereji wa machozi kwa mrija mwembamba.

Chakula cha kuzuia haya yote kinaota bure kandokando ya Kampala. Majani tembo, kishona nguo ambacho Waganda hukiita ssere, kafumbe ya mashambani, majani ya viazi vitamu kwa kiasi, na nyasi kavu wakati wote. Yasikatwe ukingoni mwa barabara kuu wala kwenye shamba lililonyunyiziwa dawa juzi. Karoti, ambayo kila mtoto huamini ndiyo chakula cha sungura kwa sababu ya katuni za Marekani, ni tamu kwa sukari. Kipande kidogo kinatosha kama pipi.

Hewa ya kizimbani

Sungura hupepesa macho mara 10 au 12 tu kwa saa nzima. Binadamu hupita idadi hiyo ndani ya dakika moja. Kwa hiyo vumbi au moshi uliomwingia machoni hukaa muda mrefu kabla ya kufagiliwa. Tabia hiyo iliwahi kumletea balaa duniani. Mwaka 1944, John Draize na wenzake katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walichapisha namna ya kupima ukali wa kemikali kwa kuitia ndani ya jicho la sungura, na kwa miongo mingi kipimo hicho kilitumika kwa sabuni na vipodozi. Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013. Mwenye duka la vipodozi Kikuubo anayeona picha ya sungura kwenye chupa aelewe kwamba haipo pale kwa urembo.

Nyumbani kemikali kali kuliko zote hutoka kwa sungura mwenyewe. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia huchoma macho na pua. Mtu mzima aliyesimama haisikii. Njia ya kujua ni kuchutama asubuhi kabla ya kufagia na kuweka pua usawa wa pua ya sungura kwa muda kidogo. Yakianza kukuwasha wewe, kumbuka yeye amelala humo usiku kucha. Vizimba vya ghorofa ni vibaya zaidi pale mkojo wa juu unapodondokea wa chini, na turubai linaloshushwa pande zote kwa kuogopa baridi hufungia hewa hiyo ndani. Usiku wa Kampala si wa baridi ya kuua sungura mzima mwenye malazi makavu. Aliye hatarini ni wa upepo mkali na mvua.

Vumbi la mbao kutoka kwa seremala, laini kama unga, ni adui mwingine. Randa pana au nyasi kavu ni afadhali. Na kizimba kisiwekwe kwenye varanda moja na sigiri: moshi wa mkaa unaowawasha watu macho wakati wa kuwasha jiko unamkuta sungura asiye na mlango wa kutokea.

Kwa wafugaji wa mbegu kuna la vichanga. Watoto wa sungura hufumbua macho wakiwa na siku 10 hivi. Ikifika siku ya 12 au 14 na kope bado zimegandamana, chini yake huenda kuna usaha. Walowanishwe kwa pamba na maji ya uvuguvugu na kuonyeshwa daktari haraka. Viota vichafu ndivyo vyenye hesabu kubwa ya vipofu. Upele nao, ambao wafugaji wengi wanaufahamu kwa maganda ya masikioni na puani, huweza kupanda hadi kwenye kope. Huo una sindano yake, lakini kipimo hutegemea uzito, na sungura wa kilo 2 hawezi kudungwa kwa makadirio ya ng'ombe.

Hofu inavyogeuka ugonjwa

Wako wanaocheka wakisikia sungura ana msongo wa mawazo. Ana biashara gani? Lakini mwili wa mnyama huyu umeundwa kwa ajili ya kukimbia kuliwa, na kila kinachofanana na kuliwa huuwasha moto mwili mzima. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, huona karibu pande zote pamoja na juu, isipokuwa eneo dogo mbele ya pua. Kivuli cha kaloli kikipita juu ya kizimba mara kumi kwa siku, huyu anahesabu mara kumi kwamba amekuja kuchukuliwa. Mbwa wa jirani anayenusa waya usiku, spika za harusi, mkono wa mtoto unaotokea ghafla pale pasipoonekana mbele ya pua: yote hayo anayalipia.

Hulipa kwa kinga ya mwili. Sungura wengi hubeba puani bakteria aitwaye pasturela bila kuugua. Wakiwa wametulia, bakteria naye ametulia. Wakihamishwa, wakibanwa, wakikosa maji au usingizi, homoni za hofu hushusha kinga na bakteria hupanda: kwanza chafya, kisha makamasi, kisha jicho linalotoa usaha, kwa maana pua na jicho vimeunganishwa na mfereji ule ule. Mwenye kujua hutazama miguu ya mbele. Sungura hujifuta pua kwa mikono, na manyoya ya ndani yaliyogandamana ni ushahidi ambao muuzaji hawezi kuufuta dakika za mwisho.

Tumbo nalo husimama. Sungura asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa mahututi hata kama amekaa kimya na kuonekana mtulivu. Mwenye jicho linalouma huacha kula kwa maumivu, na tumbo lililosimama huua kabla ya jicho. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari huwa si kuhusu rangi ya tongotongo bali kama mnyama amekula na amekunya.

Macho yote mawili yakitokeza anaposhikwa, weupe ukionekana pembeni, kwanza ni hofu. Yakitokeza kila anapoinamisha kichwa na kurudi akiinuka, huenda ni uvimbe kifuani unaobana mishipa ya damu, na hilo ni la daktari.

Watoto wana mchezo wa kumlaza sungura chali mapajani. Anatulia tuli, macho wazi, na wao husema amelala. Hajalala. Hiyo ni hali ya mnyama aliyeona amekwisha kamatwa na kubakiza njia moja ya kujifanya mfu. Afadhali mtoto akae chini sakafuni, sungura aje mwenyewe. Apewe boksi lenye matundu mawili kama pango, awe na pa kujificha ndani ya kizimba, na ikiwezekana awe na mwenzake, kwani ni mnyama wa kundi. Madume mawili yasiyohasiwa hayatafaa. Watapigana, na macho ndiyo huumia.

Saa kumi na mbili ndani ya buti

Hakuna msongo unaoshinda safari, na hapa msomaji wa barabara kuu anahusika moja kwa moja. Kutoka Nairobi hadi Kampala ni karibu kilomita 650, usiku kucha au zaidi kama foleni ya malori imeota Malaba. Boksi la sungura huwekwa wapi? Mara nyingi ndani ya buti, kati ya magunia, jirani na injini.

Joto la kawaida la mwili wa sungura ni nyuzi 38.5 hadi 40. Hatoi jasho, na kuhema hakumpoozi vya kutosha. Feni zake ni masikio. Hewa inayomzunguka ikipanda kupita nyuzi 28 au 30 huanza kuzidiwa, na ndani ya buti lililofungwa au chini ya paa la bati saa nane mchana ni zaidi ya hapo. Anahema kwa nguvu, masikio yanakuwa mekundu, mdomo unafunguka, udenda unamtoka. Akifika hapo, mlowanishe masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida na mtafutie kivuli na upepo. Kumtumbukiza kwenye maji baridi humuua kwa mshtuko.

Anayeweza kukwepa kumsafirisha mnyama mchana akwepe. Basi la usiku, tenga ndani pamoja na abiria kama kondakta atakubali kwa nauli, chini ya miguu, mbali na magunia ya pilipili na samaki wakavu ambao vumbi lao linachoma macho. Chombo kiwe na matundu pande zote, sakafu yenye nyasi, si mfuko wa nailoni. Chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kwa kitambaa, humpa pa kuegemea kukiwa na joto. Weka majani mabichi, maana wengi hawanywi maji gari likitikisika. Kutoka stendi hadi nyumbani boda boda ndiyo humalizia kazi: vumbi na upepo wa uso kwa uso. Tenga lifunikwe kwa khanga nyepesi.

Akifika, apewe siku kadhaa za giza kidogo na ukimya, chakula kile kile alichokuwa akila alikotoka, na atengwe na sungura wengine wa nyumbani kwa wiki mbili au tatu. Watoto hawatapenda. Jicho litazamwe kila asubuhi.

Mpakani kuna jambo linalowachanganya wengi. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni karatasi ya ushuru. Hakisemi lolote kuhusu afya ya mnyama. Sungura aliye hai anahitaji cheti cha afya cha mamlaka ya mifugo ya nchi anayotoka na kibali cha kuingiza cha nchi anayokwenda. Upande wa Uganda hiyo ni kazi ya Wizara ya Kilimo, Viwanda vya Wanyama na Uvuvi. Mmoja wa mtoto au ishirini wa mbegu, sheria haipimi kwa idadi. Na daktari anayejaza cheti ndiye mtu wa kwanza mwenye sababu ya kumfungua sungura mdomo na kumtazama macho kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kampala ina pa kwenda. Chuo Kikuu cha Makerere kina kliniki ya wanyama wadogo katika chuo chake cha tiba ya mifugo, na wako madaktari binafsi. Wengi wao wamefunzwa zaidi kwa ng'ombe na mbwa, hivyo si utovu wa adabu kuuliza kwa heshima, "Daktari, umewahi kutibu meno ya sungura?" Mpelekee chupa ya dawa iliyokwisha kutumika, hata kama ni ya aibu, na konzi ya chakula anachokula. Maduka ya dawa za mifugo ya Container Village yatauza kinachoulizwa. Si kazi yao kufungua mdomo wa mnyama asiyekuwepo.

Wapo watakaochelewa, jicho likawa limekwisha. Daktari huweza kuliondoa, kope zikashonwa, na sungura akaishi miaka mingi na jicho moja bila maumivu, jambo ambalo ni bora kuliko kubaki na jicho bovu linalomnyima kula. Hata aliyepofuka yote mawili humudu, kwa masikio, pua na masharubu, almradi nyumba yake isibadilishwe. Bakuli la maji libaki kona ile ile, mlango wa kizimba upande ule ule. Anayemwendea aseme kwanza, ndipo anyooshe mkono, na upande wenye jicho zima kama lipo. Mtoto wa miaka sita hujifunza haya kwa siku mbili, pengine haraka kuliko mtu mzima anayerudi safari usiku na kumnyanyua mnyama gizani bila kubisha hodi.